Pwani Iliyosahau Vimbunga

Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja. Minazi na mikarafuu iling'olewa shamba baada ya shamba, majahazi yakavunjikia bandarini, na merikebu za Sultani Barghash bin Said, aliyetawazwa 1870, zikaangamia karibu zote. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo wenye mashamba waliumia kwa muda mrefu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Aprili 1952 kimbunga kingine kikaingia Lindi. Miaka 80 ilikuwa imepita, na wengi wa walioushuhudia upepo wa 1872 walikwisha kuzikwa na habari zao.

Hapo ndipo penye hatari ya pwani yetu. Vimbunga hujisokota kutokana na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Ndiyo maana vingi huelekea Madagaska na Msumbiji. Kwetu huja kwa nadra, na cha nadra husahaulika. Asiyekijua kimbunga, upepo ukitulia ghafla, hutoka nje kukagua paa. Kumbe lile ni jicho lake tu, na upepo wa upande wa pili uko njiani.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoijia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kutoa tahadhari, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini tahadhari ya redioni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine hufanywa kijijini, bahari ikiwa shwari. Nani atawaarifu wavuvi walioko dago? Wazee na wagonjwa watapelekwa jengo gani, na nani atawabeba? Ngalawa zitavutwa hadi wapi? Nani atailinda mikoko, ambayo mizizi yake hupunguza nguvu ya mawimbi?

Bahari inazidi kupata joto, na vimbunga hupata nguvu kutoka maji ya joto. Sheha, mwenyekiti wa kijiji, imamu, viongozi wa wavuvi: itisheni kikao kabla ya masika yajayo. Andikeni mpango, ubandikeni dikoni na msikitini, mfundisheni kila mtoto. Msiiachie kumbukumbu ya wazee peke yake uhai wa watu.