Kamera ngumu ni ipi hasa? Historia fupi kwa mwenye bajeti fupi

Wadau, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu siasa wala Simba na Yanga. Ni hili: "Ninunue kamera gani ya dijitali isiyokufa mapema?" Wanaouliza ni watu wa kazi. Mwandishi mwenzangu anayeshinda juu ya bodaboda. Mhandisi mchanga anayekwenda saiti kila asubuhi. Binti anayeandika habari za wavuvi na kushinda Feri kwenye maji ya chumvi na magamba ya samaki. Pesa ni ya kujibana, na hakuna mwenye uwezo wa kununua mara mbili.

Najua jibu la haraka: tumia simu. Ni kweli, simu zimekomaa. Sony walitoa Xperia Z inayovumilia maji mwaka 2013, na Apple wakafuata na iPhone 7 mwaka 2016. Lakini simu yako ndiyo pochi yako, ndiyo namba za vyanzo vyako, ndiyo sauti za mahojiano yako. Ukiidondosha mtaroni siku ya mafuriko, hujapoteza kamera tu, umefunga ofisi. Ndiyo maana watu bado wanataka kamera ya pembeni, ya kupata misukosuko.

Sasa, badala ya kukutajia modeli moja, nakuomba turudi nyuma kidogo. Neno "ngumu" limebadilika maana zaidi ya mara moja katika historia ya kamera, na anayeuza hatakwambia anatumia maana ipi.

Maana ya kwanza ilikuwa chuma na fundi. Mwaka 1959 Wajapani walitoa Nikon F, ikawa kamera ya waandishi wa habari duniani. Ilikuwa nzito, na pazia la shata lilikuwa la titani. Ile ya kawaida, isiyo na kipima mwanga, haikuhitaji hata betri. Mpiga picha Mwingereza Don McCullin alikuwa na Nikon F iliyozuia risasi katika vita vya Kambodia, na kamera hiyo yenye tundu imeonyeshwa kwa watu mara nyingi. Kisa hicho kinapendwa sana. Mimi kinachonivutia zaidi ni kitu kisichoonekana kwenye tundu la risasi: Nikon F ilifunguka. Ilikuwa na skrubu, springi na gia, na fundi mwenye subira aliweza kuifumua, kuisafisha na kuirudisha kazini. Ugumu wake ulikuwa nusu kiwandani, nusu kwenye meza ya fundi.

Maana ya pili ilikuwa kuziba. Mpelelezi wa bahari Jacques Cousteau alitaka kamera ya kuingia nayo majini bila kuitia ndani ya sanduku zito. Mhandisi Mbelgiji, Jean de Wouters, akaisanifu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikauzwa Ufaransa kwa jina la Calypso, jina la meli ya Cousteau. Mwaka 1963 Nikon waliichukua na kuiita Nikonos. Ilitengenezwa kwa ajili ya wazamiaji, lakini waandishi wa vita ya Vietnam waligundua kwamba inafaa pia kwenye mvua na tope. Siri yake ilikuwa pete za mpira zilizopakwa grisi, zinazokaa kila penye mlango au kiungo. Pete ikichakaa, mwenye kamera anaitoa mwenyewe, anaifuta, anapaka grisi au anaweka mpya. Hapo pia, ugumu ulikuwa matunzo. Uzalishaji wa Nikonos ulikoma mwaka 2001.

Maana ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ilizaliwa kwenye ujenzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Konica iliuza Japani kamera inayoitwa Genba Kantoku. Tafsiri yake? Foromani! Huko Japani mkandarasi hutakiwa kupiga picha kila hatua ya kazi, hasa zile zitakazofichwa. Nondo zikishafunikwa na zege, nani atathibitisha kwamba zilikuwa kumi na mbili na si nane? Picha ndiyo ushahidi, na huwekwa na kibao kilichoandikwa kazi gani, wapi, tarehe gani. Kwa hiyo Konica walitengeneza kamera ya kuvumilia vumbi, maji na kuanguka, yenye vitufe vikubwa vya kubonyezwa na mkono wenye glovu. Haikuwa nzuri ya kutazama. Ilikuwa chombo cha kazi, kama koleo au pima maji.

Basi ikaja dijitali, na kwa muda ugumu ukarudi nyuma. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4 na ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak walipoanza kuwauzia waandishi wa habari, walichukua mwili wa Nikon F3 na kuuunga kwa waya na boksi la kuning'iniza begani, lenye betri na diski inayozunguka. Jaribu kuruka nalo mtaro.

Miaka ya 2000 kamera ndogo za dijitali zilipomwagika sokoni, zilikuja na ugonjwa wao. Lenzi ilichomoza kama kichwa cha kobe kila ulipowasha. Kila ilipochomoza ilitoka na hewa, na kila iliporudi ilirudi na vumbi. Chembe chache za mchanga kwenye shingo ile, basi: lenzi inakwama nusu, kioo kinaleta ujumbe wa hitilafu, na kamera inakuwa mapambo. Mwili wake mzima, betri nzima, kihisi kizima, lakini kamera imekufa. Nyingi zilizolala kwenye madroo ya watu ziliondoka kwa njia hiyo.

Dawa ilipatikana kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2002 Minolta walitoa DiMAGE X, kamera nyembamba ambayo mwanga ukiingia unapindishwa kona ndani ya mwili, na vioo vya zumu vinapanda na kushuka humo humo. Nia ilikuwa wembamba wa kuingia mfukoni. Lakini lenzi isiyochomoza ni lenzi inayozibika! Mwaka 2006 Olympus wakatoa µ 720 SW iliyotumia mpangilio wa namna hiyo: ilizama mita 3 na kuvumilia kuanguka kutoka mita 1.5. Mwaka uliofuata 770 SW ikafika mita 10, ikavumilia baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na uzito wa kilo 100. Mwaka 2009 Panasonic na Canon nao wakaingia na za kwao.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Kamera hizi zilikuwa ngumu kwa namna tofauti kabisa na Nikon F. Zilivumilia mshtuko ambao ungeziua kamera nyingine ndogo, lakini hazikutengenezwa zifunguliwe na fundi wa mtaani. Ukizifungua umevunja kizibo. Halafu soma vitabu vyake vya maelekezo, maandishi madogo. Jaribio la kudondosha lilifanyika juu ya ubao wa plaiwudi, si juu ya lami ya Morogoro Road. Kamera ikishapigika, kuzuia maji hakuna dhamana tena. Na Olympus walishauri pete za mpira zibadilishwe kila mwaka. Nani kati yetu anafanya hivyo? Kwa hiyo "haiingii maji" ni hali ya siku ilipotoka kiwandani, na kila mwaka hali hiyo inapungua.

Kuna kifo kingine kisicho na vumbi wala maji. Zile Olympus za 2006 na 2007 zilitumia memori kadi ya xD, aina iliyoanzishwa na Olympus pamoja na Fujifilm mwaka 2002. Dunia ikachagua SD, nao wakaiacha xD. Leo ukiokota 720 SW safi kwenye mitumba, isiyo na mkwaruzo, kazi yako ya kwanza ni kuhangaika kutafuta kadi. Mwili umeishi, chakula chake kimekwisha. Lakini kamera nyingi za bei nafuu za zama zile, kama Canon PowerShot za familia ya A zilizotumia betri za kawaida za AA na kadi ya SD, unaweza kuzilisha kwenye duka lolote lenye tochi na redio.

Soko nalo lilianguka. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Olympus waliachana na biashara ya kamera, na tangu Januari 2021 iko mikononi mwa kampuni nyingine, inayouza kwa jina la OM System. Kamera yao ngumu, TG-7, ilitoka 2023. Na hapa nawasifu kwa jambo moja dogo: inatumia betri ya familia ile ile iliyoanza na TG-1 mwaka 2012. Kwa mtu wa bajeti yetu, jambo hilo lina thamani kuliko megapikseli nyingine kumi.

Kwa hiyo wadau, ukienda Kariakoo au ukiagiza kwa ndugu aliye nje, usianze na swali la mita ngapi chini ya maji. Anza na haya. Inakula betri gani na kadi gani, na zote zinapatikana hapa? Lenzi inachomoza au imekaa ndani? Fungua mlango wa betri: pete ya mpira ni laini au imekauka na kupasuka? Kama ni mtumba, ihesabu kuwa haizuii maji mpaka pete zibadilishwe. Kama unafanya kazi za usiku, kumbuka kamera hizi zina vihisi vidogo na hazipendi giza, hivyo huenda kamera ya kawaida ndani ya mfuko mzuri ikakufaa zaidi. Na ukitoka baharini, iloweke kwenye maji baridi ya bomba, milango ikiwa imefungwa, kabla chumvi haijakauka.

La mwisho ni la wale wa saiti na wa habari. Kamera yoyote itakufa, hata iliyozuia risasi ilistaafu. Hamisha picha siku ile ile, kabla ya kuoga, kabla ya kula. Zege likishamwagwa, hakuna wa kukufunulia nondo upige tena.