Kurusha helikopta kwa kompyuta nyumbani: Unachoweza kujifunza na usichoweza

HELIKOPTA inapotua katika uwanja wa shule wakati wa kampeni, wanafunzi na wazazi huacha shughuli zao wakakimbilia kuitazama. Wengi hutamani kujua rubani hufanya nini ndani ya kile chumba cha vioo, lakini gharama ya mafunzo huwavunja moyo kabla hata ya kuuliza.

Siku hizi, mwenye kompyuta yenye nguvu za kutosha anaweza kuanza somo hilo akiwa sebuleni kwake. Swali ni iwapo anachojifunza huko kinafanana na urukaji wa kweli au ni mchezo mtupu.

Programu za simuleta si jambo geni. Microsoft Flight Simulator ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na toleo lililouzwa mwaka 1997 likaongezewa helikopta aina ya Bell 206. Toleo la mwaka 2020 lilianza bila helikopta, hadi Novemba 2022 zilipoongezwa Bell 407 na Guimbal Cabri G2.

X-Plane, iliyoasisiwa na Mmarekani Austin Meyer, hugawa kila panga la helikopta katika vipande vidogo na kukokotoa nguvu za hewa katika kila kipande. DCS World husifika kwa helikopta za kijeshi kama vile UH-1H na Mi-8, nayo FlightGear hupatikana bila malipo yoyote.

Mikono miwili, miguu miwili

Rubani wa helikopta hana kiungo cha kupumzika. Mkono wa kulia hushika usukani ulio kati ya magoti, ambao huinamisha duara la mapanga mbele, nyuma au kando. Mkono wa kushoto hushika wenzo ulio ubavuni mwa kiti, ambao huongeza au kupunguza nguvu ya kuinua chombo. Miguu nayo hukaa juu ya vikanyagio viwili vinavyoendesha rafadha ndogo ya mkiani.

Viungo hivyo hutegemeana. Ukiinua wenzo, injini huongeza nguvu na kiwiliwili cha helikopta hutaka kuzunguka kinyume cha mapanga yake. Katika helikopta za Marekani kama vile Robinson R22 na Bell 206, pua huelekea kulia, hivyo basi rubani hukanyaga kushoto. Katika Cabri G2 ya Ufaransa na Mi-8 ya Urusi, mapanga huzunguka upande wa pili na mguu unaohitajika ni wa kulia. Anayehama kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kujua hayo atashangaa kuona pua ikimponyoka.

Hapa ndipo vifaa vya nyumbani huanza kumpotosha mwanafunzi. Joistiki ya kawaida ni fupi na ina springi inayoirudisha katikati, ilhali usukani wa helikopta ni mrefu na husogezwa kwa kiasi kidogo mno. Wanaotaka uhalisia hulegeza au kuondoa springi hiyo, huirefusha joistiki, au hupunguza wepesi wake katika mipangilio ya programu.

Aidha, kidhibiti cha injini cha ndege ya kawaida husukumwa mbele ili kuongeza nguvu, lakini wenzo wa helikopta huvutwa juu. Asiye na wenzo maalumu anapaswa kugeuza mpangilio wa kidhibiti chake, ili kukivuta kuongeze nguvu na kukisukuma kupunguze. Akikosa kufanya hivyo, mkono wake utazoea kinyume cha kweli. Kuhusu vikanyagio, ni afadhali kuvinunua mapema, kwa kuwa kazi ya miguu haifundishiki kwa vidole.

Kuelea mahali pamoja

Kosa la wengi ni kutaka kuelea futi chache juu ya ardhi siku ya kwanza. Kuelea ndiko kugumu zaidi. Ni vyema kuanza angani, futi 1,000 hivi juu ya ardhi, ukienda mbele kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa. Hapo helikopta hutulia na mwanafunzi hujifunza kushika mwinuko na mwelekeo mmoja.

Baadaye ajaribu kupunguza kasi polepole. Inaposhuka kati ya kilomita 45 na 30 kwa saa hivi, mapanga hupoteza msaada wa hewa safi inayoingia kutoka mbele, na chombo huhitaji nguvu zaidi ghafla. Karibu na ardhi, kwenye kimo kisichozidi upana wa duara la mapanga, hewa inayosukumwa chini hukinzwa na ardhi na mzigo hupungua tena. Programu nzuri huonyesha mabadiliko yote hayo.

Wakati wa kuelea, macho yatazame mbali, si chini ya pua. Usukani uguswe kidogo kisha urudishwe kabla helikopta haijamaliza kuitikia. Anayesubiri aone kosa ndipo alirekebishe huwa amechelewa, na huanza kuyumba kama bembea. Mwalimu wa kweli humpa mwanafunzi kidhibiti kimoja kimoja. Nyumbani, baadhi ya programu zina msaada unaoweza kuwashwa na kuzimwa ili kufanya vivyo hivyo.

Hatari zisizo na majeraha

Faida kuu ya simuleta ni kwamba makosa yanayoua angani hayaui sebuleni. Mojawapo ni kushuka wima kwa haraka huku injini ikiwa na nguvu na kasi ya mbele ikiwa ndogo. Helikopta huzama katika kimbunga cha hewa yake yenyewe. Silika humwambia rubani avute wenzo, na kuvuta huko huzidisha hali. Dawa ni kupunguza wenzo na kusukuma usukani mbele ili chombo kitoke katika hewa hiyo chafu.

La pili ni injini kuzimika. Mapanga yanaweza kuendelea kuzungushwa na hewa inayopanda kutoka chini, mradi wenzo ushushwe mara moja. Katika R22, ambayo mapanga yake ni mepesi, rubani ana sekunde moja hivi. Kisha hushuka kwa takriban kilomita 120 kwa saa, huinua pua karibu na ardhi ili kupunguza mwendo, husawazisha chombo, na mwishowe huvuta wenzo ili kutua taratibu.

Msomaji wa humu nchini ana jaribio jingine la manufaa. Apakie helikopta yake abiria na mafuta, aondoke Mombasa karibu na usawa wa bahari, kisha arudie safari hiyo na mzigo uleule kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio mita 1,690 hivi juu ya bahari. Aongeze joto la mchana. Ataona jinsi hewa nyepesi inavyopunguza uwezo wa chombo, na kwa nini rubani mwenye busara hukataa abiria mmoja zaidi hata akibembelezwa na mkubwa.

Mipaka yake

Hata hivyo, kiti cha nyumbani hakitikisiki. Rubani wa kweli huhisi mteremko katika makalio yake kabla ya jicho kuuona, na hujua umbali wa ardhi kwa macho mawili. Miwani ya kompyuta inayofunika macho husaidia katika hilo la pili, lakini hairudishi hisia za mwili wala hofu.

Isitoshe, saa za sebuleni hazihesabiwi katika leseni. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huweka saa 40 za urukaji kuwa kiwango cha chini kwa leseni ya rubani binafsi wa helikopta, au 35 katika kozi iliyoidhinishwa. Ni simuleta zilizokaguliwa na mamlaka pekee zinazoweza kuchangia sehemu ya saa hizo.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Aliyejizoeza nyumbani kwa makini atafika kwa mwalimu akijua kila kidhibiti na sababu yake, na huenda akaokoa fedha. Lakini anayedhani kwamba ameshakuwa rubani ni hatari kwake na kwa atakaoketi nao, kwani angani hakuna kitufe cha kuanza upya.