Kadi 3,000 za mtu aliyejiita Mwanafunzi

Siku nilipowasilisha pendekezo la utafiti wangu wa uzamili, mwalimu mmoja aliniuliza: "Hili jaribio la t unalotaka kutumia, limetoka wapi?" Nilikaa kimya. Mimi nilijua kubofya tu, programu ikatoa jibu, nikanakili. Nilikuwa na mashamba 12 ya mahindi, basi, na uchache wake nilikuwa nauonea aibu.

Jioni ile nikaanza kusoma. Kumbe jaribio lenyewe lilizaliwa kiwandani! William Sealy Gosset aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, mwaka 1899. Huko alishughulika na shayiri, na vipimo vilikuwa vichache, maana kila jaribio la ziada ni gharama. Wanatakwimu wa enzi hizo walizoea sampuli kubwa. Mwaka 1906 akaenda London kujifunza kwa Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha makala yake katika jarida la Biometrika. Kampuni haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, kwa hiyo akajiita "Student", yaani mwanafunzi.

Kompyuta hakuwa nayo. Ili kuhakiki hesabu zake alichukua vipimo vya wahalifu 3,000, kimo na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya, akazichota nne nne. Yakapatikana makundi 750. Akakokotoa kundi moja moja, aone kama nadharia inakubaliana na kadi.

Hapo nikaelewa: sampuli ndogo si aibu, ila ina bei yake. Mashamba yangu yalikuwa sita kwa sita. Ili tofauti ipite kwenye kiwango cha asilimia 5, thamani ya t ilipaswa kufika 2.23, si 1.96 ya sampuli kubwa. Yangu ilifika 2.05.

Rafiki akanishauri, "Weka 1.96 bwana, nani atakagua?" Sitadanganya, nilitamani. Lakini nikamkumbuka mtu wa kadi 3,000, aliyejisumbua vile ili sisi wenye data kiduchu tusijidanganye. Nikaandika kwamba ushahidi haukutosha.

Siku ya kutetea tasnifu, mwalimu yule yule alirudia swali lake. Safari hii nilianzia kwenye shayiri.