Mfumo mbovu! Historia fupi ya kulalamikia programu za bure

UE zimeisha, nusu ya watu wa blok yetu wameshapanda mabasi, mimi nauli ya Kahama bado nasubiri boom litoke. Kwa hiyo nina muda, na leo naandika ile historia niliyoahidi tangu muhula uliopita: jinsi watu wanavyozikosoa programu huria. Kwa mgeni wa hapa, programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, unaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa kwa mwenzio. Hujamlipa mtu. Sasa hapo ndipo pana kazi, maana kama hujamlipa mtu huna wa kumkaba. Silaha yako ni maneno tu, na maneno yakiwa mabaya hakuna kinachotengenezwa.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 25 Agosti 1991 kijana wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, umri miaka 21, mwanafunzi kama sisi, aliwaandikia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anatengeneza mfumo wake. Akawauliza wanapenda nini na hawapendi nini kwenye Minix. Yaani Linux imeanza kwa kuomba kukosolewa! Haikuchukua muda, Januari 1992 profesa aliyeandika hiyo Minix, Andrew Tanenbaum, akamjibu hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati kabla haijakua, na kwamba imefungwa mno kwenye aina moja ya kompyuta, zile za 386. Kijana akawaka, akamrudishia profesa maneno makali, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyotumia. Mimi kinachonivutia si ule ugomvi. Kinachonivutia ni kwamba ndani ya maneno makali ya profesa mlikuwa na hoja moja inayopimika: haiwezi kuhama. Hoja ya namna hiyo mtu anaweza kuifanyia kazi hata akiwa amenuna, na kufikia 1995 Linux ilikuwa inatembea kwenye kompyuta za aina nyingine kabisa. Ile hoja ya "imepitwa na wakati" watu wanaibishania mpaka leo na haijamtengenezea mtu chochote. Huyo Torvalds mwenyewe, miaka mingi baadaye, Septemba 2018, alikaa pembeni kwa muda na kukiri kwamba alikuwa anawaumiza watu kwa ukali wake. Miaka 27, jamani.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2004, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na mradi unaitwa Kilinux. Walishirikiana na kampuni ya Sweden, fedha zikatoka Sida, na Desemba mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili: kuandika, mahesabu ya jedwali, vyote. Mwaka huo huo Microsoft nao walitangaza kwamba wataileta Windows ya Kiswahili. Ghafla Kiswahili kikawa na wachumba wawili, na kila mtu akawa mtaalamu wa istilahi.

Lawama za kipindi kile zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza mnaijua, ndiyo inayopendwa na wengi: "Haya maneno gani haya? Nani ataelewa?" Kompyuta iitwe kompyuta, au tarakilishi kama wanavyopenda Wakenya, au ngamizi? Watu wakagombana mpaka mate yakakauka. Mimi sisemi mjadala wa maneno ni upuuzi, lugha ni mali yetu. Lakini "nani ataelewa" si taarifa ya kasoro. Aliyekaa na mashine usiku kucha akitafuta neno la amri fulani, ukimwambia hivyo, afanye nini kesho asubuhi? Lawama ya namna ya pili ilikuwa chache: neno hili kwenye menyu hii halilingani na neno lile kwenye kisanduku kile, au sentensi ni ndefu na kitufe kimeikata katikati. Hiyo mtu anaifungua faili na kurekebisha. Leo hariri, nakili, bandika na hifadhi tunayaona kwenye simu zetu bila kushtuka. Yalizoeleka kwa sababu kuna watu walikubali kuyakaa nayo na kuyachonga.

Hapa niingize la kwetu, maana sisi wa Shinyanga na Geita tuna kesi yetu maalumu. Tazama majina: Nyang'hwale. Ng'wandu. Kishapu haina shida, Mbogwe haina shida, ila sisi Wasukuma tuna ule mkia mdogo juu ya ng', na huo mkia umekuwa msiba wa programu dunia nzima. Katika lugha nyingi za hifadhidata alama hiyo hiyo ndiyo inayofunga neno. Programu ikiandikwa kwa uvivu, ikifika Nyang inadhani jina limeisha, na hwale inakuwa takataka inayoangusha kila kitu. Halafu kuna programu za kuandikia ambazo hukubadilishia ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, ili ionekane nzuri, wakati orodha ya kusahihisha tahajia inaijua moja tu kati ya hizo mbili. Matokeo yake hata ng'ombe anapigiwa mstari mwekundu. Ng'ombe! Kwa Msukuma hilo ni tusi, si kasoro ya kawaida.

Kabla sijafika kwenye afya, nipite machimboni, kwa sababu kukosoa kitu cha kugawiwa hatukukuanzia kwenye kompyuta. Rwamagasa, mkoani Geita, ilikuwa moja ya sehemu za mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo, ulioanza 2002 na kuendelea hadi 2007. Mnajua dhahabu inavyochomwa: ukishatoka karasha, ukaosha mwaloni, unashikisha na zebaki, unachoma, moshi unauvuta wewe na watoto waliokaa karibu. Wataalamu wakaja na chombo cha chuma kinachofungwa, mvuke wa zebaki unanaswa na kurudi kuwa maji. Na mchoro wake si siri, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuutengeneza. Kizuri hicho, sivyo? Lakini sehemu nyingi duniani wachimbaji walikigomea, na sababu zao ukizisikiliza si za ukaidi. Kinachelewesha, na mnunuzi amesimama pale. Tena dhahabu ikiingia ndani ya chuma huioni, nani atakuhakikishia itatoka ile ile? Kwenye duara mna watu wanane wanaogawana, kila mmoja anataka jicho lake liwe juu ya mali. Hoja hizo zilifika, na ndiyo maana vikaja vyombo vya kioo na vya bakuli za jikoni, ambavyo unaona kinachoendelea ndani. Yule aliyesema "sioni dhahabu yangu" alichangia mchoro kuliko aliyesema "wazungu wanatuletea mavyuma".

Haya, afya. MTUHA mnaifahamu, yale makabrasha makubwa ya zahanati: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 12 cha wodi ya wazazi, na kadhalika. Kutoka kwenye karatasi, takwimu zikaanza kuingizwa kwenye DHIS2, programu huria ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na inaendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na watu wa hapa Mlimani wamo ndani yake tangu mapema. Ndani ya DHIS2 zahanati iko chini ya wilaya, wilaya chini ya mkoa, kama matawi ya mti. Sasa Machi 2012 serikali ikaanzisha mikoa mipya. Bukombe ikatoka Shinyanga kwenda Geita, Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu. Kwenye mti wa DHIS2 ukihamisha tawi, majani yote yanahama nalo, hata majani ya zamani. Ukiuliza mkoa wa Shinyanga wa 2011 unapewa Shinyanga ya ramani ya leo.

Mwanafunzi wa historia hapo lazima asimame. Sensa ya 2002 Shinyanga ilikuwa na watu karibu milioni 2.8. Sensa ya 2012, milioni 1.53. Asiyejua mipaka atadhani tumepigwa na tauni. Je, hiyo ni kasoro ya programu? Unaweza kupiga kelele kwamba mfumo unakula namba, na nimewasikia wengi. Lakini ukimlinganisha Bukombe wa 2011 na wa 2014 ule mpangilio unakusaidia. Ukiilinganisha na ripoti ya karatasi ya mkoa wa zamani, unakuumiza. Malalamiko ya maana ni kusema: nataka kuchagua mti wa mwaka gani, na hii hapa ripoti ya karatasi ambayo hailingani.

Mama yangu mdogo ni muuguzi kwenye zahanati moja huko Mbogwe. Yeye hajui programu huria ni mdudu gani, lakini ndiye mkosoaji bora niliyewahi kumuona. Walikuwa na programu ya kuhesabia dawa, jina siitaji, na kila mwezi dawa ya mseto ya malaria ya watoto wadogo ilionekana imejaa stoo wakati rafu tupu. Semina nzima watu wanalia, mfumo mbovu, mfumo mbovu. Yeye akanyoosha mkono na karatasi mbili. Mseto una pakiti nne kwa uzito wa mgonjwa, za vidonge 6, 12, 18 na 24. Kwenye fomu ya karatasi zinaanza na 6. Kwenye skrini zilikuwa zinaanza na 12, halafu 18, 24, na 6 ya mwisho, kwa sababu mashine ilizipanga kama maneno, si kama namba. Watu wanaingiza kutoka juu kwenda chini kama walivyozoea. Hesabu ya watu wazima, ile ya 24, inatua kwenye mstari wa 6. "We mtoto, mimi sikumtukana mtu," akaniambia, "niliweka tu karatasi zangu mbili mezani wakaangalia wenyewe." Mwezi uliofuata mpangilio ulikuwa umebadilishwa.

Kuna Mwingereza, Simon Tatham, aliandika mwaka 1999 makala kuhusu namna ya kuripoti kasoro, na shauri lake kubwa ni kumwezesha mtengenezaji aione kasoro kwa macho yake. Mama mdogo hajaisoma.

Na mimi juzi nimewaandikia watu wanaotunza orodha moja ya tahajia ya Kiswahili kuhusu ule mkia wa ng'. Nimeweka nilichoandika, nilichotegemea na mstari mwekundu uliotokea. Baada ya siku nne wakajibu kwa sentensi moja, wanaomba faili la mfano. Nimewatumia lenye majina 40 ya vijiji na watu wa Kahama na Nyang'hwale, na ng'ombe nimemuweka wa kwanza.