Kiota Kilichotafutwa kwa Miaka 100

Mwaka 1913, Mwingereza Stephenson Clarke alichapisha maelezo ya ndege mpya kutoka pwani ya Kenya: mnana mdogo, dume ana kichwa na kifua cheusi, tumbo la manjano. Jina la Kizungu likawa la Clarke. La kisayansi, Ploceus golandi, likawa la Goland, ndugu yake. Familia moja, ndege mmoja, majina mawili. Siku hizi wengine wanamwita mnana wa Kilifi, na mimi nitatumia hilo, maana haishi kwingine.

Mwaka huohuo wa 1913, Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka kwa Wagiriama akiwalisha viapo wasitoe vijana wao wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Alikamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii. Mwaka 1914 serikali ikaamuru Wagiriama waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki wahame, wavuke kuja kusini. Shika hapo, kaskazini ya Sabaki, maana tutarudi.

Sasa, mnana ni fundi. Ukikaa Malindi unawajua wale wa kawaida, wanavyoning'iniza viota kwenye minazi na kupiga kelele asubuhi nzima, huwezi hata kulala. Lakini huyu wa Kilifi hakuna aliyejua anataga wapi. Wapenzi wa ndege walimfuata kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, juu kabisa kwenye mirihi, ambako makundi yake hupita yakila wadudu. Kuna miezi yanaonekana, halafu yanapotea. Yanaenda wapi? Watu wakakaa na swali hilo miaka na miaka. Wengi waliangalia juu, kwenye matawi, na ni haki yao: ndege wa msituni utamtafutia kiota wapi kama si msituni?

Machi 2013, miaka 100 kamili, kiota kikapatikana. Hakikuwa Sokoke wala juu ya mti. Kilikuwa Dakatcha, ndani ya Magarini, kaskazini ya Sabaki, kwenye bwawa la msimu. Ndege wamefuma viota kwenye majani ya jamii ya ndago yaliyosimama majini, chini kabisa. Waliovipata ni wanakijiji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha wakiwa na watu wa Nature Kenya. Ndiyo ardhi ileile watu walifukuzwa 1914, kisha baadaye wakarudi. Kaburi la Mekatilili liko hukohuko, Bungale.

Na hapo ndipo shida ilipo. Sokoke ni msitu wa serikali, una askari na sheria. Dakatcha ni ardhi ya watu. Wanachoma makaa, wanafyeka mirihi walime mananasi, na sitaki kuwalaumu kutoka mjini nikiwa nimepikia makaa hayohayo. Miaka michache kabla ya kiota kupatikana, kulikuwa na mpango wa kugeuza sehemu kubwa ya Dakatcha kuwa shamba la jatropha, ati ya kutengeneza mafuta ya magari. Wenyeji na wahifadhi wakaupinga, haukuendelea. Fikiria ungefaulu. Bwawa lingelimwa kabla yeyote hajajua lina nini.

Tangu hapo, A Rocha Kenya, shirika lenye makao Watamu, limenunua vipande vya ardhi Dakatcha ili vibaki vilivyo. Lakini bwawa la msimu halina tabia ya kukaa kama ulivyoliacha. Mvua ikinyesha vizuri linajaa, ndege wanakuja, wanafuma, wanataga na kuondoka kwa muda mfupi tu. Mvua ikikosa, ukifika unakuta nyasi kavu na mbuzi. Mwaka unaofuata wanaweza kuchagua bwawa jingine kabisa.

Kwa hiyo masika yakianza, watu wa Dakatcha hutoka tena kwa miguu, bwawa kwa bwawa, wakichungulia kwenye ndago.