Asiye na gereji atachaji wapi?

Wadau, mliokuwa na kaseti za miaka ya 80 mnaikumbuka bendi ya a-ha? Basi historia ya magari ya umeme Norway inaanza na hao jamaa. Mwaka 1989 wanamuziki wake wawili, Morten Harket na Magne Furuholmen, pamoja na mwanaharakati wa mazingira Frederic Hauge, waliingiza nchini kigari cha Fiat Panda kilichobadilishwa kitumie umeme. Wakawa wanapita kwenye vituo vya tozo za barabara bila kulipa, makusudi kabisa. Faini zikarundikana, kigari kikakamatwa kikapigwa mnada, nao wakakinunua tena! Mwaka 1990 serikali ikaanza kusamehe kodi ya kununua magari ya umeme, na 1997 ikayaondolea tozo za barabara.

Sawa, gari unalo. Unachaji wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja tu: nyumbani kwako. Chukua mfano wa Asker, kitongoji kilicho kusini magharibi mwa Oslo. Huko kuna nyumba nyingi zenye uwanja na gereji, na penye gereji pana soketi. Magari ya umeme yaliporuhusiwa kupita njia za mabasi nchi nzima mwaka 2005, watu wa Asker wakawa wanaikwepa foleni ya asubuhi kwenye barabara ya E18. Yakaongezeka mpaka yakaanza kuchelewesha mabasi yenyewe. Mwaka 2015 ikaamriwa kwamba saa za msongamano, dereva wa gari la umeme asipite humo bila abiria.

Na yule wa ghorofani, anayelaza gari lake barabarani? Yeye alibaki anatazama. Oslo ilianza mpango wake wa vituo vya kuchajia vya umma mwaka 2008, na 2009 serikali ikatenga kroner milioni 50 kwa ajili ya vituo nchini. Vingi vilikuwa soketi za kawaida tu, kama ile ya pasi. Betri ya kWh 24 ilihitaji usiku mzima kujaa. Chaja za haraka za kW 50 zilipokuja, nusu saa ilitosha kuifikisha kama asilimia 80, ila bei yake ilikuwa juu kuliko umeme wa nyumbani. Sheria ya kumpa mwenye nyumba ya ghorofani haki ya kufunga chaja, isipokuwa kuwe na sababu ya msingi ya kumkatalia, ilianza kutumika Januari 2018.

Hesabuni wenyewe: 1990 hadi 2018, miaka 28. Mwenye gereji alipata msamaha wa kodi, njia ya mabasi na umeme wa bei nafuu. Wa ghorofani alichangia kodi, akasubiri soketi.

Mwaka 2024 magari ya umeme yalifika asilimia 88.9 ya magari mapya yaliyouzwa Norway. Hongera zao. Ila siku mkisikia mji wenu nao unayataka, msiishie kuuliza bei ya gari. Ulizeni asiye na gereji atachaji wapi.

Kazi kwenu.