Kiko kiko wapi? Tukitupa kitu, tunatupa na maneno yake

Nilipokuwa shule ya msingi hapa Kianyaga, mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda kututega kwa swali: "Kiko cha mzee kiko wapi?" Darasa lilicheka kusikia neno moja likibeba mizigo miwili. Kwangu halikuwa fumbo. Kiko cha guka nilijua kilipo: mfuko wa kushoto wa koti lake kuukuu la kijeshi, shingo yake imezungushiwa waya wa shaba.

Guka alikuwa askari wa King's African Rifles. Mwaka wa 1944 alikuwa Burma akipigana vita visivyokuwa vyake, akarudi nyumbani na koti, kovu na kiko hicho cha mti. Miaka kumi baadaye, wakati wa Hali ya Hatari, familia za Gichugu ziliamriwa kuhamia vijiji vya lazima. Katika pilkapilka za kuhama, kiko kilipasuka shingo. Vitu vingi vilipotea siku hizo, na kiko chenye ufa kingeweza kutupwa bila mtu kuuliza. Guka alikipeleka kwa mhunzi, naye akakivisha pete ya waya, akaukaza mpaka ufa ukafumba.

Mwaka wa 1991 nilirejea kutoka masomoni Uingereza na shahada ya uzamifu na majivuno yake. Nilikuwa nimemnunulia guka kiko kipya, cha kung'aa, ndani ya kijisanduku. Alikigeuzageuza, akanishukuru, akasema, "Ni kizuri. Lakini hiki hakinijui." Akakiweka rafuni, na huko rafuni kikabaki mpaka alipotuaga. Nilinuna, sitaficha. Niliamini methali moja tu: kipya kinyemi ingawa kidonda. Yeye alikuwa ameishi kwa nyingine: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla msomaji hajanishuku, sipigii debe tumbaku. Kenya imekuwa na sheria ya kuidhibiti tangu mwaka wa 2007, na kifua cha guka mwenyewe kilikuwa ushahidi tosha. Ninachotaka kuzungumzia ni lugha.

Mwaka wa 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha kitabu chake kuhusu Kiswahili cha huko. Ndani yake kiko kina viungo kama mwili. Kuna bori, kile kibakuli cha udongo kinachotiwa tumbaku. Kuna digali, mrija unaoshuka kutoka kwenye bori mpaka kwenye chombo cha maji. Chombo hicho cha maji ndicho hasa kilichoitwa kiko. Kisha kuna shilamu, mrija unaotoka kwenye maji hadi mdomoni. Hata mlio wa maji mtu anapovuta ulikuwa na jina: malio ya kiko.

Kwa nini watu wavipe majina matano vitu vya chombo kimoja? Nadhani ni kwa sababu chombo hicho hakikuharibika chote kwa mpigo. Bori la udongo likivunjika, unatafuta bori, si kiko. Mrija ukiziba, unabadilisha mrija. Ukitaka kutengeneza kitu ni lazima uweze kumwambia fundi pale panapouma. Anayekusudia kutupa hahitaji maneno hayo yote. Neno "imeharibika" linamtosha.

Tazama pia kitenzi kuganga. Siku hizi kikitajwa tunawaza mganga na vibuyu vyake. Zamani kuganga kulikuwa pia kuunga kilichovunjika: kukifunga, kukikaza, kukirudisha kazini. Kile kipande kilichoshikilia mahali pa ufa kiliitwa gango. Kwa hiyo waya ule wa shaba ulikuwa gango, na mhunzi yule alikuwa mganga wa kiko. Tunaposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, ndwele na ufa vinakutana katika kitenzi kimoja. Wazee wetu hawakuona mpaka mkubwa kati ya kumtibu mtu na kukitibu chombo. Huku mlimani kibuyu kilichopasuka kilishonwa kwa uzi, kikaendelea kubeba uji.

Mti wa kiko kile nao una kisa. Viko vya aina hiyo huchongwa kutokana na kinundu cha shina la Erica arborea, mti wa kandokando ya Bahari ya Mediterania. Mti huo huo humea Mlima Kenya, juu ya ukanda wa mianzi. Guka alikibeba kutoka ng'ambo kitu ambacho jamaa zake walikuwa wakimchungulia kutoka mlimani kila asubuhi. Sijui kama angecheka. Nafikiri angecheka.

Desemba iliyopita mdomo wa kiko ulikatika mikononi mwangu. Nikakipeleka sokoni Kianyaga. Kijana wa kwanza alikitazama mara moja: "Hii hairudi, mzee. Nunua ingine Nairobi." Wa pili, fundi wa makamo, alikishika kama mtu anayepima joto la mtoto. Akasema atachemsha pembe ya ng'ombe ilegee, achonge mdomo mpya. Kisha akauliza, "Prof, hapa panaitwaje, niandike kwa daftari?"

Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, na nilikaribia kumwambia "andika tu mdomo." Hapo ndipo nilipoona aibu yetu sisi wa vyuo vikuu. Tunaketi kwenye makongamano tukiunda istilahi zisizotumiwa na yeyote, ilhali mafundi wa jua kali ndio wanaohitaji majina kila siku, tena wakikosa wanajiundia. Nenda kwa fundi wa simu usikie: kioo, sistimu ya chaji, moto haufiki. Hiyo ni kamusi inayoandikwa bila sisi. Na sisi tunayo mengine, kama bori, digali na gango, tumeyafungia kabatini. Wao wana kazi isiyo na majina, nasi tuna majina yasiyo na kazi.

Nikamwambia, "Panaitwa shilamu." Akalirudia neno mara mbili, akaliandika, akacheka kwamba linafanana na jina la msichana.

Siku tatu baadaye simu yangu ililia. "Prof," akasema, "shilamu yako iko tayari."